Mukunga-mbura Katika Ua wa Shosho

Nilipokuwa mtoto kule Kabiria, pembezoni mwa jiji, upinde wa mvua haukuwa kitu cha kufurahia. Ulipotokea, sisi watoto tuliingiza mikono mifukoni, na asiyekuwa na mfuko aliificha kwapani. Ukiunyooshea kidole, kidole kilipinda na hakikunyooka tena. Rafiki yangu Nekesa, ambaye wazazi wake walitoka Bungoma na kupanga chumba katika ploti ya nyanya yangu yenye vyumba vya mabati, aliwahi kuunyooshea kwa kusahau. Aliking'ata kidole chake kwa nguvu ili kuondoa ile laana, kikavimba kutwa nzima, nasi tukakubaliana kwamba imani hiyo ni ya kweli kabisa.

Kwa shosho, yaani huyo nyanya yangu mzaa mama, jambo lilikuwa kubwa kuliko kidole. Aliamini kwamba ule upinde ni mnyama, na jina lake ni Mukunga-mbura. Anaishi penye maji ya kina, anakula ng'ombe na watoto, na mvua inapokatika hutoka kujianika. Zile rangi tunazoziona angani ni mgongo wake. Kwa hivyo upinde ukiwa juu, hakuna mtoto wa kushuka kwenye kijito kilichopita chini ya shamba letu, hata kama ndiko kulikokuwa na nduma zetu, yale magimbi, na nepia, majani ya kulisha ng'ombe.

"Ng'ombe ilie tu," shosho alikuwa akisema. "Leo hakuna kuenda huko chini. Mwenyewe ametoka."

Hakupenda kumtaja kwa jina. Alimwita "mwenyewe", kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsema mwenye nyumba wake. Na huyu alikuwa mama wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe kila Jumapili na Biblia iliyochakaa pembeni. Sikuona tatizo lolote katika hilo, na hadi leo silioni sana. Shosho alikuwa na nafasi ya kutosha kifuani kwa vyote viwili.

Nilikuwa darasa la nne anti Wairimu alipokuja kukaa nasi. Alikuwa kitinda mimba wa shosho, na alikuwa amepata kazi ya kufundisha fizikia katika shule moja ya sekondari ya wasichana isiyo mbali na kwetu. Mama yangu alikuwa na kibanda cha nguo katikati ya jiji, akiondoka asubuhi na kurudi jioni. Likizo zikifika, tulibaki nyumbani shosho, anti na mimi, pamoja na Nekesa aliyekula kwetu mara nyingi kuliko kwao.

Anti hakuweza kukaa bila kufundisha. Hakutufungulia kitabu hata siku moja. Alitutuma nje tukaangalie vitu.

"Usiniambie ulisoma nini," alisema. "Niambie umeona nini."

Tukaanza kuona. Kwa nini kikombe cha bati kinauma mkono kwa baridi asubuhi, na mwiko uliolala kando yake hauumi? Kwa nini moshi wa jiko unapanda, lakini vumbi la barabarani linarudi chini? Mabati ya ploti yetu yaligongagonga kila jua likishuka, na baadhi ya wapangaji walinong'ona kwamba kuna mtu aliyekufa vibaya pale zamani. Anti alituambia tuweke viganja kwenye bati la ukuta wa jikoni wakati wa jua kali, kisha tena jioni, tukalisikia likipoa na kulia chini ya mikono yetu.

"Linajikunja," akasema. "Joto lilikuwa limelitanua, sasa linarudi mahali pake. Nyinyi mkitolewa kwa blanketi asubuhi, si mnajikunja pia?"

Nekesa alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, mabati yakigonga, alikuwa akiyaambia pole.

Ni Nekesa huyohuyo aliyeuliza swali lililoleta mambo. Ilikuwa Jumamosi alasiri, jua limeanza kuinama, na sisi tumekaa uani tukimenya njegere.

"Anti, na Mukunga-mbura je?"

Macho ya anti yaling'aa. Alipenda kuulizwa, na nasema hili kwa upendo, alipenda pia kushinda. Alisimama, akaenda kuchukua ile pampu ya kunyunyizia mboga dawa, akaisuuza vizuri na kuijaza maji safi. Akatupanga mbele ya ukuta mweusi wa boma la ng'ombe.

"Lipeni jua mgongo. Kila mtu aangalie kivuli cha kichwa chake. Tayari?"

Akapiga pampu. Maji yalitoka kama ukungu, na ndani ya ule ukungu, karibu kabisa na magoti yetu, rangi zikatokea. Nyekundu juu, zambarau chini, na zile nyingine katikati zikiwa zimeshikana mikono.

"Aki ya Mungu!" Nekesa akapiga kelele, na mikono yake miwili ikaruka kwapani.

"Toa mikono," anti akasema huku akicheka. "Guseni."

Niligusa. Vidole vyangu vililowa tu. Nilisogea kushoto, upinde ukasogea nami. Nekesa akasogea kulia, akadai umemfuata yeye. Tukaanza kugombana ni wa nani. Anti akatueleza kwamba sote tulikuwa sahihi. Mwanga wa jua unaingia ndani ya kila tone, unapinda, unagonga ukuta wa nyuma wa tone na kurudi, na ukitoka unakuwa umetawanyika katika rangi zake. Macho yangu yanapokea kutoka kwa matone haya, macho ya Nekesa yanapokea kutoka kwa yale. Kila mtu ana upinde wake. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuufikia.

"Kwa hivyo hakuna mnyama?" nikauliza.

"Kuna jua nyuma yako na maji mbele yako. Basi."

Hapo ndipo nilipomwona shosho. Alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na karai la nduma mikononi, akiangalia ule mgongo wa rangi ukicheza miguuni mwa mjukuu wake. Nilimngojea afoke. Hakufoka. Aliweka karai chini polepole, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

"Wairimu," akasema. "Zima hiyo kitu."

Akaingia chumbani na kufunga mlango.

Jioni hiyo hakula. Kesho yake hakwenda kanisani, na hilo lilitutisha, kwa maana shosho alikwenda kanisani hata akiwa na homa. Mama alidhani ni presha. Anti, aliyejua kwamba si presha, alizungukazunguka uani akipanga vitu vilivyokuwa vimepangwa tayari. Mwishowe alichemsha chai ya maziwa, akanipa kikombe nibebe, tukaingia naye chumbani kwa shosho.

"Mami, nisamehe," anti akasema. "Nilikuwa nacheza na watoto. Sikutaka kukudharau."

Shosho alikuwa ameketi kitandani, amevaa nguo za kanisani.

"Haukunidharau. Nataka kukuuliza, wewe umesoma. Kama si mnyama, nani alichukua Nyambura?"

Anti alinitazama, nikamtazama. Hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kusikia jina hilo likitajwa katika nyumba ile.

Shosho alitusimulia kwa Kikuyu, taratibu, bila kulia, na kikombe kikipoa mkononi mwangu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukipokea. Nyambura alikuwa mdogo wake. Kwao kulikuwa juu zaidi ya Kinoo, siku ambazo huko kulikuwa mashamba matupu. Asubuhi moja walitumwa maji. Jua lilikuwa linawaka, hapakuwa na hata tone la mvua, ila upinde ulikuwa umesimama juu ya kilima upande wa pili. Nyambura aliupenda, akautazama mno. Walikuwa wakivuka mto juu ya mawe, shosho amemshika mkono, na ghafla mto ukapanda na mkono ukawa haupo.

"Mimi nilikuwa mkubwa," akasema. "Nilikuwa na umri wa huyu," na akanionyesha kwa kidevu. "Nilirudi nyumbani na kibuyu tupu, nikangoja kupigwa. Baba yangu hakunipiga. Wazee walikuja wakakaa, wakasema ni Mukunga-mbura, wakasema hakuna mtu anaweza kushindana naye. Mama yangu akanichukua akanilaza karibu yake. Hakuna aliyeniuliza hata siku moja nilimwachaje."

Akaufungua mkono wake, akautazama.

"Sasa mnyama ameondoka. Nimebaki mimi peke yangu na huu mkono."

Nimewahi kuwaona watu wakisoma vitabu vingi na kubaki vilevile. Anti Wairimu alibadilika mbele yangu kwa muda wa sentensi hiyo moja. Alipiga magoti, akaukumbatia ule mkono wa mama yake, akasema halikuwa kosa lake, alikuwa mtoto, Mungu anajua. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililosaidia. Shosho alimpapasa kichwa kana kwamba anti ndiye aliyekuwa akihitaji kubembelezwa.

Baada ya hapo shosho alirudi shambani na kanisani, lakini kitu kimoja kiliisha. Hakutukataza tena. Mvua ilinyesha, upinde ukasimama upande wa Lavington, juu ya zile nyumba zenye kuta ndefu na miti mikubwa, na shosho aliutazama kidogo tu, kisha akaendelea kuchambua maharagwe. Sikuipenda ile hali. Nilikuwa mtoto aliyeogopa mnyama miaka yote, na nilipopewa ruhusa ya kutomwogopa, nilitamani arudi.

Kisha ikaja asubuhi ile. Likizo ya Aprili ilikuwa haijaisha. Jua lilitoka safi, nguo zikaanikwa mapema, na kwa mbali upande wa Kinoo na mji wa Kikuyu kulikuwa na wingu zito jeusi. Juu ya hilo wingu, upinde ulisimama mpana na mkali kuliko wote niliowahi kuona. Nekesa na mimi tulitumwa nepia. Tulimwangalia shosho ili tujue kama tunakatazwa. Alikuwa akikamua, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. Hakusema neno. Tukachukua panga na kamba, tukashuka.

Nepia nzuri ilikuwa ng'ambo ya kijito. Maji yalikuwa chini ya magoti, tuliyavuka kila siku. Nekesa alikuwa katikati na mimi nimetia mguu mmoja niliposikia sauti ya shosho. Sikuwa nimewahi kumsikia akipiga kelele namna ile.

"Tokeni! Tokeni kwa maji! Nekesa, rudi! Rudi!"

Alikuwa akishuka mteremko akikimbia, mwanamke wa umri ule, kitambaa kimeanguka, viatu vya plastiki vimebaki nyuma matopeni. Nekesa aligeuka kurudi kwa woga wa shosho, wala si wa mto. Shosho alifika ukingoni, akamnyaka kwa mkono, akanisukuma mimi kwa nyonga, na akatukokota sote wawili juu mpaka kwenye migomba. Tulikuwa bado tunahema niliposikia kama lori la kokoto linamwagwa mahali fulani nyuma ya kona ya mto.

Maji yalikuja yakiwa ya rangi ya chai. Yalikuja na chupa, magunia, shina zima la mgomba, na mlango wa mtu. Mahali Nekesa alipokuwa amesimama palitoweka. Nduma zetu zililala zote upande mmoja, kisha hazikuonekana. Na juu yetu, mbingu ilikuwa ya samawati, na jua lilikuwa linatuchoma migongo.

Nekesa ndiye aliyeanza kulia. Shosho alikuwa ametushika bado, kila mmoja kwa mkono wake.

Anti alifika akiwa ameshika ufagio, alikuwa amesikia kelele akakimbia nao. Alipoona maji, akakaa chini palepale kwenye nyasi.

"Umemwona?" shosho akamwambia. "Nilimwona amesimama kama ile siku, nikaacha ng'ombe. Niambie sasa ni pampu."

Anti alitazama mto, akatazama jua, kisha akageuka akatazama upinde, uliokuwa ukififia juu ya Kinoo. Niliijua ile sura. Ilikuwa ile sura aliyokuwa akitaka tuwe nayo sisi kila alipotutuma nje.

"Mami," akasema polepole. "Ile siku ya Nyambura. Ilikuwa asubuhi kama sasa?"

"Asubuhi."

"Jua lilikuwa mgongoni mkiangalia upinde?"

"Mgongoni. Nakumbuka kivuli changu kwa maji."

"Na mto ulikuwa unatoka upande ule wa upinde?"

Shosho akafikiri. "Unatoka huko juu. Ndiyo."

"Basi ilikuwa inanyesha huko juu, Mami. Upinde ukisimama asubuhi, unasimama magharibi, na huko ndiko mito yetu yote inatoka. Nyinyi mlikuwa kwa jua, hamkuona hata tone, lakini maji yalikuwa njiani. Wale wazee hawakuwa wajinga. Waliona hivi vitu viwili vikikuja pamoja."

"Kwa hivyo ni yeye?"

"Si mnyama. Na si mkono wako pia." Anti alisimama, akamsogelea. "Mami, debe moja la maji wewe unalibeba mgongoni ukiwa umeinama, siyo? Angalia hapo. Ni madebe mangapi yanapita mara moja? Na yanakimbia."

Shosho aliangalia. Aliangalia kwa muda mrefu sana, midomo yake ikisogea kama anayehesabu, kisha akaacha kuhesabu.

"Ni mengi," akasema.

"Mtu mzima mwenye nguvu angesimama hapo?"

"Hapana."

"Na mtoto wa umri wa Muthoni?"

Muthoni ni mimi. Shosho alinitazama, kisha akatazama mkono wangu uliokuwa ndani ya mkono wake. Aliufungua kama mtu anayefungua maganda ya njegere. Akaunyoosha kidole kimoja baada ya kingine, akauweka juu ya kiganja chake kikubwa chenye nyufa, na ukaonekana ulivyokuwa mdogo. Kulikuwa na tope kwenye kucha.

"Mkono wangu ulikuwa hivi?" akauliza.

"Ulikuwa hivyo, Mami."

"Hivi tu?"

Ndipo alipolia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia na sikuona tena. Alilia akiwa ameushika mkono wangu shavuni mwake, naye Nekesa, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anyamaze, akaanza upya ili asiachwe.

Tulipanda nyumbani tukiwa tumelowa. Shosho aliwasha moto, akatupa uji, na mama yake Nekesa alipokuja kututafuta, akakuta shosho anasimulia. Hakuwa anasimulia juu ya mto. Alikuwa anasimulia jinsi Nyambura alivyopenda kula utando wa maziwa, alivyowaiga wanakijiji wote wanavyotembea, alivyokataa kulala mpaka aimbiwe. Kwa miaka yote ile, mtoto huyo alikuwa amekufa tu. Siku ile akaanza kuwa amewahi kuishi.

Makatazo nayo yalirudi. Anti alijaribu kueleza kwamba upinde wa jioni hauna shida kwa mto wetu, kwa kuwa mvua yake inakuwa mashariki, ambako maji yetu yameshapita. Shosho alimsikiliza kwa heshima yote.

"Nimesikia," akasema. "Lakini asubuhi hawatashuka, na jioni pia hawatashuka."

Shosho alitangulia mbele ya haki miaka kadhaa iliyopita, akiwa amezeeka vizuri. Anti Wairimu bado anafundisha, na amejifunza kuuliza kabla ya kupiga pampu. Nekesa anauza dawa za mifugo Bungoma, na hunitumia picha za upinde wa mvua alizopiga kwa simu, bila maneno yoyote.

Mimi ninaishi Kinoo siku hizi, na Jumamosi huwafundisha watoto wanaoanza sayansi, wengi wao wadogo, katika chumba cha nyuma cha kanisa letu. Tunaanza kwa kutoka nje. Nimefikiri mara nyingi kuhusu wale wazee waliokaa na baba yake shosho. Walikuwa na mtoto mmoja aliyekufa na mwingine aliyebaki, na kwa ujuzi waliokuwa nao, walimwokoa aliyebaki. Sidhani kama mimi, pamoja na tone langu na mwanga wangu unaopinda, ningefanya vizuri kuliko wao siku ile. Anti aliweza kufanya vizuri kuliko wao, lakini mara ya pili, alipoanza kwa kusikiliza.

Kwa hiyo mtoto akiniuliza darasani kama ni kweli kuna mnyama kwenye upinde, ninajua jibu, na sina haraka nalo. Ninavuta kiti, ninakaa karibu naye, na kwanza ninamuuliza ni nani nyumbani kwao aliyemwambia.